Karibu Kabla ya Hodi

Bibi Kufuli alilipata jina lake kwa jasho lake mwenyewe. Kopo lake la sukari lilikuwa na kufuli. Sanduku lake la nguo lilikuwa na makufuli mawili, moja la wezi na moja la ndugu. Hata redio yake ndogo, akimaliza kuisikiliza, aliitoa betri akazitia kifuani, isije ikamzungumzia mtu mwingine bure. Watu walimcheka, naye akawacheka zaidi, kwa sababu katika miaka sitini na tisa ya maisha yake hakuna aliyewahi kumwibia kitu, isipokuwa marehemu mumewe, aliyemwibia usingizi kwa kukoroma miaka thelathini na minne.

Basi alipohamia kwa mwanawe na goti lake bovu, akae huko mpaka lipate nafuu, aliingia na mabegi mawili na macho matatu: mawili ya usoni na moja la kisogoni. Mwanawe alikuwa dereva wa lori. Akitoka leo, hurudi baada ya wiki mbili, pengine tatu. Nyumba aliiacha na mkewe, ambaye alishona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele, na binti yao wa miaka mitano. Binti huyo walimwita Kifungo, maana alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha shati la baba yake, nyumba nzima ikakaa siku mbili inakingojea. Kilitoka. Kikarudishwa kwenye shati lile lile, na mwenye shati hajaambiwa mpaka leo.

Siku ya tatu Bibi Kufuli alikuwa amekaa kwenye kiti chake chumba cha mbele, anachambua vifungo, vikubwa kopo hili, vidogo kopo lile. Cherehani inanguruma. Mlango uko wazi, pazia limeshushwa kuzuia vumbi. Kifungo amelala kifudifudi juu ya vipande vya vitambaa, anachora kwa chaki. Mara mtoto, bila kuinua kichwa, akasema:

"Karibu!"

Na mama yake, mguu kwenye pedali, naye bila kuinua kichwa: "Karibu, karibu."

Bibi Kufuli akatega sikio. Hodi hakuisikia. Pazia likafunuliwa, akaingia mwanaume wa makamo, mrefu, begi la vyombo begani, viatu vimefutwa vizuri mno.

"Shi... shi..." akaanza.

"Shikamoo," Bibi akammalizia. "Marahaba. Nawe nani?"

"Fu... fu..."

"Fundi. Naona begi. Fundi wa cherehani. Haya, umeshasema, endelea na kazi."

Yule fundi akatabasamu, akayameza yaliyobaki, akapiga magoti mbele ya cherehani. Bibi akaliweka hilo akilini. Mtu anayechukuliwa maneno mdomoni wala hakasiriki, aliwaza, lazima ana mengine aliyoyaficha mahali.

Lakini kilichomkaa rohoni zaidi kilikuwa ile karibu. Kwake yeye mlango ulikuwa na ngazi zake: kwanza hodi, halafu "nani?", halafu jibu, halafu kufuli, ndipo karibu. Hawa wameanzia ngazi ya juu. Mtu hajafungua kinywa, wa ndani wameshajua yupo. Wamejuaje, kama hawakuwa wanamngojea? Na mke wa mtu anamngojea fundi wa nini, mume akiwa barabarani?

Jioni akamtupia mkwe wake ndoano.

"Mwanangu, yule fundi wako hupiga hodi lini?"

"Akiweza, Mama."

"Akiweza! Kwani hodi ni gunia la saruji?"

"Kwake ni zito kuliko saruji," mkwe akajibu, anakata uzi kwa meno. "Ana kigugumizi. Neno la kwanza ndilo linalomshinda, na hodi hasa. Tukiona kivuli chake na lile begi tunamkaribisha, yanaisha."

"Asigonge mlango kama watu?"

"Akigonga ataulizwa 'nani?', naye jina lake ndilo gumu kuliko yote. Nyumbani kwetu mjomba alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kuna nyumba ambazo mgeni huachwa nje mpaka apige hodi."

Bibi Kufuli akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeridhika. Moyoni akasema: kumbe ni ya ukoo! Na kigugumizi nacho ni pazia zuri ajabu. Nyuma yake mtu anaweza kuficha kabati zima.

Tangu siku hiyo hakulala na jicho la tatu likiwa limefumba.

Akaichunguza simu. Simu ya mkwe ililia, mkwe akaipokea, na kule upande wa pili hapakuwa na sauti. Bibi alijisogeza mpaka sikio lake likawa karibu na shavu la mkwe wake, akasingizia anatafuta sindano. Kimya kabisa. Na mkwe, mtu mzima mwenye akili zake, anacheka na kimya!

"Haya, ni wewe. Mkanda wa cherehani umefika? Gonga moja kama umefika." Ndani ya simu kikasikika kitu: tok. "Vizuri. Utakuja kesho? Keshokutwa?" Tok, tok. "Basi nimekuelewa."

Siku nyingine mkwe yuko uani anaanika, simu ikalia, Bibi akaidaka. "Halo!" Kimya. "Nasema halo! Sema au kata!" Akasikia pumzi, pumzi ya mtu mzima, halafu tok moja, ya woga. Akaitupa simu juu ya vitambaa kana kwamba imemwuma. Simu inapumua! Watu wenye mambo safi husema, hawagongigongi kama panya darini.

Akachunguza na michezo ya mtoto. Kifungo alikuwa na wanasesere wawili wa vitambaa, mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Yule wa kiume alisimamishwa nyuma ya kopo la vifungo, ambalo ndilo mlango, akaachwa pale kimya.

"Mbona huyo hapigi hodi?" Bibi akauliza kwa sauti ya asali.

"Anapiga," Kifungo akasema. "Bado haijatoka."

Halafu yule wa kike akasema "Karibu!", yule wa kiume akaingia, wakaketi wakanywa chai ya hewa. Bibi Kufuli aliwatazama wanasesere wale kama hakimu anavyotazama kielelezo mezani.

Na kubwa kuliko yote ni ile siku ya mtoto wa jirani. Huyo alikuwa mgeni mtaani, ana wiki mbili tu. Alimwona fundi akipita, akamkimbilia Kifungo kibarazani, anakunja shingo, anapepesa macho: "Fu-fu-fu-fu!" Akangoja kicheko. Kifungo alimtazama usoni, mikono imetulia mapajani.

"Fu-fu-fu-fu!" yule akarudia, kwa nguvu zaidi.

Kifungo anangoja.

"Mbona hucheki?"

"Hujamaliza," Kifungo akasema. "Unataka kusema nini? Malizia tu, mimi sina haraka."

Mtoto wa jirani akaenda zake anapiga teke mawe. Mtu mwingine angecheka, akambusu mjukuu wake utosini. Bibi Kufuli alisonya. Wamemfundisha mtoto kumlinda, aliwaza. Mpaka mtoto!

Usiku huohuo akajifungia chumbani, akampigia mwanawe. Dereva alikuwa kwenye foleni ya mizani, nyuma yake malori yananguruma.

"Mwanangu, rudi nyumbani."

"Mama, goti?"

"Goti halijambo. Kuna mwanaume hapa anakaribishwa kabla ya hodi."

Kimya kwenye simu, lakini hiki alikijua ni kimya cha nani.

"Nani, Mama?"

"Simtaji. Simu zina masikio, na nyingine zina pumzi. Njoo uone kwa macho yako."

"Alhamisi nitakuwa hapo," dereva akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kama gari lililozidiwa mzigo.

Bibi Kufuli akaweka simu chini ya mto. Alijua alichokifanya. Kama ni kweli, ndoa ya mwanawe itavunjika, lakini itavunjika mchana na kwa ushahidi. Kama si kweli... Hapo akageuka upande wa pili. Tangu azaliwe hajawahi kukosea, wala hajawahi kulitamka neno hilo; nani angeanzia uzeeni?

Alhamisi asubuhi alichukua pakiti ya zipu juu ya meza, akaiweka kwenye kiti chake, akaikalia.

"Mama, umeziona zipu zangu?" mkwe akauliza. Sare themanini zilikuwa zinatakiwa shuleni Jumatatu, na sketi thelathini hazijapata zipu.

"Mimi macho yangu ni ya vifungo, mwanangu. Ya zipu sina."

Mkwe akapekua kila mahali, akatazama saa ya ukutani. "Fundi anakuja saa nne, cherehani inaruka mishono. Acha nikimbie dukani. Mama, tafadhali, ukiona kivuli mkaribishe tu. Usimngoje."

"Nenda. Nyumba ina mwenyewe."

Alipotoka, Bibi aliufunga ule mlango wa mbao ambao kutwa huachwa wazi, akasukuma komeo, juu yake akaning'iniza kufuli lake, lililokuja naye kwenye begi. Akamkalisha Kifungo mapajani, akampa biskuti.

"Mke mwenzangu, leo tunacheza. Atakayesema karibu kabla ya hodi, ameshindwa."

"Nikishindwa?"

"Unanirudishia biskuti yangu."

Kifungo aliitazama biskuti, akaitia yote mdomoni kwa mara moja. Sasa hakuwa na cha kurudisha. Bibi alimtazama kwa heshima kidogo, damu ni damu, akamfunika mdomo kwa kiganja.

Saa nne kasoro dakika mbili, chini ya mlango pakaonekana viatu viwili, vikafutwa kwenye kipande cha gunia, vikasimama. Vikaendelea kusimama. Bibi anahesabu pumzi. Ndiyo hii! Mwizi husimama kwanza asikilize kama mwenye nyumba yupo.

Ngo, ngo.

"Nani?" Bibi akauliza.

Kimya.

"Nani huyo?"

Kimya, na kama kitu kinachokwaruza kooni.

"Asiye na jina hana mlango!" Bibi akapaza sauti, na raha ikampanda mpaka masikioni. Angempa mwanawe nini kingine? Mtu anaulizwa jina mara mbili, hana!

Kifungo alijinasua kwenye kiganja, akanong'ona, makombo yakimtoka. "Bibi, ni Fundi."

"Basi aseme."

"Anasema. Bado hajafika."

Bibi akamfunika tena mdomo, akainama, goti likalia kama kuni, akaweka jicho kwenye tundu la kitasa. Alitarajia kumwona mwanaume anaangaza kushoto na kulia. Fundi hakuwa anatazama popote. Alikuwa amefumba macho. Mishipa ya shingo imesimama, taya linatetemeka, mdomo umefunguka kwa herufi ya kwanza nayo haitoki. Akapumua. Akajipiga paja kwa ngumi, polepole, mara moja, mbili. Akajaribu tena. Jasho likamtiririka kando ya sikio, saa nne ya asubuhi, hewa baridi.

Uso huo Bibi Kufuli aliujua. Alikwisha kuuona, miaka mingi iliyopita, alipokuwa mtoto.

Alikuwa darasa la tatu, nywele mabutu mawili. Kila asubuhi mwalimu alifungua daftari la mahudhurio akaita majina, nawe ulijibu "Nipo!" Dawati la nyuma yake alikaa msichana ambaye nyumbani Bibi alikatazwa kumsogelea, eti kigugumizi huambukiza kama upele. Jina lake likiitwa, msichana alisimama, shingo ikavutika, mdomo ukafunguka vivi hivi. Mwalimu aligonga penseli mezani: moja, mbili, tatu. Halafu akaandika hayupo. Darasa lilicheka, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa yule mwenye mabutu mawili, maana utani aliuanza mapema. Kisha msichana aliketi, hayupo, akafanya hesabu zake zote. Muhula mzima alikuwepo kila siku, na kila siku aliandikwa hayupo. Muhula uliofuata akafanya kama daftari lilivyosema.

Bibi alikuwa dawati la mbele yake tu. Pumzi za yule msichana zilikuwa zinampata kisogoni. Ingemgharimu nini kugeuka na kusema "Mwalimu, yupo"? Hakugeuka. Na tangu hapo hakuwahi kukaa na mwenye kigugumizi hata kwa muda wa kuchemsha chai. Kitu usichokikalia karibu udogoni, ukubwani hukitazama kwa tundu la kitasa.

Nje, fundi alifungua macho. Akaokota begi. Viatu vikageuka.

"Mmmm!" Kifungo akalia ndani ya kiganja.

Usidhani Bibi Kufuli alisema karibu. Kinywa chake hakikuwa kimezoea. Aliondoa mkono tu.

"Karibuuuu!" Kifungo akapasua, makombo ukutani.

Viatu vikasimama. Vikarudi.

Sasa ikabaki kufuli. Funguo za Bibi zilikuwa kumi na moja kwenye kamba moja, zote zinafanana. Akajaribu wa kwanza, siyo. Wa pili, kamba yote ikaanguka. Akarudia wa kwanza. Nje, mtu alingoja. Hakugonga, hakusema "haraka basi," hakuguna. Alingoja kama mtu anayejua kwamba mambo mengine hutoka yakiwa tayari. Wa tisa ndio ulioingia.

Fundi akasimama mlangoni, akamtazama Bibi, akalitazama kufuli.

"Ni... ni... ni..."

"Nisa—" Bibi akaanza kumsaidia.

"Bibi!" Kifungo akamvuta nguo. "Usimchukulie. Ni lake."

Bibi akafunga mdomo. Ilikuwa kazi ngumu, aliwahi kubeba ndoo nyepesi kuliko hiyo. Saa ya ukutani ikapiga hatua zake. Neno likaja kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, likafika.

"Ni... nilidhani nyu... nyumba imehama."

Bibi Kufuli alicheka kabla hajajizuia. Kicheko kikamkata katikati. Kwa hiyo siku zote hizo mtu huyu alikuwa anabeba mizaha mdomoni, na yeye Bibi anaikata vichwa mlangoni! Yeye aliyefungia sukari, alikuwa anamwibia mwenzake maneno mchana kweupe, tena mbele ya mtoto.

Fundi akapiga magoti, akaifungua cherehani tumboni, kisha akajiingiza chini ya meza. Kifungo akawa anampa bisibisi. Bibi aliketi. Zipu zikamchoma. Ndipo akakumbuka leo ni siku gani.

Alimpigia mwanawe mara sita. Simu haipatikani. Mara ya saba alisikiliza ule ukimya, na kwa mara ya kwanza maishani mtu aliyemshuku alikuwa yeye mwenyewe. Labda atasema goti lilizidi. Labda atasema aliota. Uongo ulikuja mwingi, kila mmoja na ufunguo wake, na hakuna hata mmoja ulioingia.

Mkwe alirudi na zipu mpya. Aliliona kufuli linaning'inia, akamtazama Bibi, akashusha pazia na kuanza kupiga pasi. Chumba kikatulia: pasi, bisibisi, chaki ya Kifungo sakafuni.

Kivuli kikasimama nyuma ya pazia.

Kilikuwa kirefu. Hakikupiga hodi. Kilisimama, kinasikiliza. Bibi Kufuli alikitambua kivuli kile kabla ya kila mtu, maana alikizaa. Akanyanyua mkono kumzuia mtoto, akachelewa.

"Karibu!" Kifungo akasema, kichwa chini, anachora.

"Karibu, karibu," mkwe naye, macho kwenye pasi.

Pazia likang'oka nusu.

"Kumbe ni kweli," dereva akasema.

Alikuwa ameliacha lori barabara kuu na kuja kwa miguu, ili asisikike. Macho mekundu ya safari ya siku mbili. Kifungo alimkimbilia "Baba!", akamkumbatia mguu. Dereva hakumnyanyua.

"Mlikuwa mnamkaribisha nani?"

"Karibu nyumbani," mkewe akasema, pasi mkononi. "Kuna nini? Mbona hukusema unakuja?"

"Nauliza, mnamkaribisha nani kabla hajapiga hodi!" Na hapo akaviona viatu vya kiume vimetokeza chini ya meza. "Toka."

Fundi akatoka kwa kurudi nyuma, mafuta kidevuni, bisibisi mkononi. Dereva alimjua. Walikwisha kunywa chai pamoja kibarazani si mara moja. Lakini wivu hauna rafiki wala jirani.

"Kumbe ni wewe. Unatafuta nini kwangu nikiwa safarini?"

Fundi akafungua mdomo. "Ch..." Likakwama. Hofu ikaongeza uzito wake juu ya uzito wa kila siku, na shingo ikavutika.

"Huna la kusema! Mtu msafi angejibu!"

"We, unajua vizuri kwamba—" mkewe akaanza.

"Nyamaza. Namwuliza yeye." Akapiga hatua.

Bibi Kufuli aliyasikia maneno ya mwanawe, na kila moja lilikuwa lake mwenyewe, amelilea, amelivalisha, amelituma barabarani. Moja, mbili, tatu, penseli inagonga.

"Subiri," akasema.

"Mama, si wewe uliyenipigia—"

"Nimesema subiri! Hajamaliza."

Dereva akasimama. Katika nyumba ile mtu aliyejulikana kwa kutongoja alikuwa huyo huyo aliyesema, na pengine mshangao ndio uliomshika miguu. Kifungo aliketi juu ya vitambaa vyake, mikono mapajani, akangoja kama anavyongoja siku zote. Mkwe akaiweka pasi kando. Hata dereva, akipenda asipende, akangoja.

"Che... cherehani," fundi akasema, "i... inaruka mishono." Akavuta pumzi. Macho yake yakaenda kwa Bibi, yakarudi. "Na kwa ma... mama yako huyu, ka... kaka, ha... hata inzi ha... haingii bila ki... ki... kitambulisho."

Mdomo wa dereva ulicheza upande mmoja, akaukaza. Akamgeukia mama yake.

"Basi, Mama. Nani?"

Zamu yake. Bibi Kufuli akafungua kinywa. Neno lilikuwepo, alilijua, hata herufi yake ya kwanza alikuwa nayo ulimini. "Ni..." Halikutoka. Lilikuwa limefungiwa miaka sitini na tisa, limeshika kutu. "Ni..."

"Ni nani? Ni jirani? Ni mwuza duka? Sema, Mama!"

"Baba, usimchukulie," Kifungo akasema. "Bibi anasema. Bado hajafika."

Wakamngoja. Bibi hakuwahi kujua kungojwa kulivyo. Hakukuwa na penseli. Fundi alikuwa anamtazama kama mtu anayemwona mwenzake amekwama matopeni barabara anayoipita yeye kila siku, hakumvuta, hakumcheka.

"Ni... nimekosea," akasema. Akasikia limetoka, akaongeza haraka lisije likarudi: "Hakuna mtu. Nilisikia karibu, hodi sikuisikia, yaliyobaki nikayajaza mwenyewe."

Dereva alikaa chini sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa mikono. Alikuwa na tani kumi za vitunguu kando ya barabara na bosi asiyecheka. Baada ya muda alimnyoshea fundi mkono. Fundi akautazama wake uliojaa mafuta, akampa kiwiko. Hapo ndipo Kifungo alipopata kubebwa.

Mkwe alikuja mpaka kwenye kiti cha Bibi.

"Mama, inuka kidogo."

Bibi akainuka kidogo. Mkwe akavuta pakiti ya zipu, yenye joto, imepinda kwa kukaliwa, akairudisha mezani kando ya ile mpya. Hakufoka. Bora angefoka. Siku tatu nzima alimwita "Mama" fupi, kama uzi uliokatwa kwa mkasi, na Bibi Kufuli akaibeba, maana mzigo ulikuwa wake.

Dereva alirudi kwenye vitunguu vyake jioni hiyo. Kabla ya kuondoka walizungumza muda mrefu na mkewe nyuma ya mlango. Bibi hakusikiliza. Alitega sikio moja tu, tena lile bovu.

Jumatatu sare zilikwenda. Jumanne, siku ya fundi kurudi, Bibi akaomba kiti chake kisogezwe karibu na mlango, eti goti linataka jua. Alikaa pale na makopo yake ya vifungo, jicho kwenye pazia. Saa nne ikakaribia. Kivuli kikatokea, kikasimama, kikainama kidogo. Bibi akameza mate, akakusanya nguvu zote.

"Karibu!" akapiga ukelele. "Karibu ndani! Na ufute miguu!"

Pazia likafunuliwa. Akaingia mwuza mifagio, aliyekuwa amesimama tu nje kufunga kamba ya kiatu, na ambaye tangu aanze biashara hakuwahi kukaribishwa hivyo. Alisema "hodi" mara nne akiwa tayari ndani, akamwita Bibi mama mzazi, akaketi. Alipoondoka nyumba ilikuwa na mifagio mitatu mipya.

Mkwe aliinamia cherehani. Mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka uzi ukakatika kwenye sindano, akaegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Sasa mnacheka nini?" Bibi akasema, ameshika fagio kama mkuki. "Mtoto, njoo hapa. Nieleze tena hicho kivuli kinakaaje. Begi liko bega gani?"